UZI: Kujitengenezea ajenda na shajara kwa mkono, kuanzia karatasi hadi jalada la kitenge

MshonaKaratasi (Bukavu), mwanzisha uzi

Ndugu zangu, nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaotaka kujitengenezea ajenda yao wenyewe, yaani kitabu cha kupangia siku, wiki na fedha, pamoja na shajara ya kuandikia na kuchorea yaliyo moyoni, bila kutafuta kifaa chochote kisichopatikana katika soko la Kadutu au katika duka la vifaa vya shule. Nitaeleza jinsi ninavyofanya, na ninawaomba mafundi wenzangu waongeze au wanikosoe, kwa kuwa kazi ya karatasi ina njia nyingi.

Kabla ya kufika kwenye sindano na gundi, kuna jambo moja ninaloliamini kabisa: ajenda huanza ndani, na jalada huja mwisho. Watu wengi huanza kwa kuchagua kitenge kizuri, wakatengeneza jalada la kupendeza, kisha wakajaza ndani kurasa walizoziona kwenye simu, ambazo zimepangwa kwa maisha ya mtu anayeishi mbali na kwetu. Kitabu cha namna hiyo hupigwa picha mwezi wa Januari, na kufikia Machi kimeachwa juu ya kabati, si kwa sababu mwenye nacho ni mvivu, bali kwa sababu kurasa zake hazimuulizi kile anachohitaji kukumbuka.

Tazameni ajenda zinazoingizwa kutoka nje. Nyingi zimechapishwa kwa ajili ya Ufaransa, kwa hiyo zinakuonyesha 8 Mei, 14 Julai na 11 Novemba kuwa siku za mapumziko, lakini hazina habari ya sikukuu za kwetu Kongo: 4 Januari, siku ya mashahidi wa uhuru, wala 16 na 17 Januari tunapowakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba, wala 6 Aprili ya Simon Kimbangu, wala 30 Aprili ya ualimu, wala 17 Mei, wala 30 Juni, wala 1 Agosti, siku ya wazazi, ambayo kwa familia nyingi ni siku ya kwenda makaburini asubuhi na kukaa pamoja na wazazi walio hai mchana. Mtu anayepanga safari, harusi au malipo ya wafanyakazi bila kuziona tarehe hizo mbele yake atajikuta akipanga mara mbili.

Fedha nazo zina mambo yake. Ukurasa wa matumizi wenye safu moja ya kiasi hautufai, kwa sababu kodi ya nyumba na mara nyingi minervali, yaani karo ya shule ya watoto, huhesabiwa kwa dola, ilhali mboga, usafiri na makala (mkaa) hulipwa kwa faranga. Mimi huchora safu tatu: faranga, dola, na kiwango cha kubadilisha cha siku ile ile. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, maana miezi michache baadaye utaweza kujua kama ni bei ya kitu iliyopanda au ni faranga iliyoshuka. Ukiwa katika likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ongeza ukurasa mmoja wenye majina ya wanachama kwa mpangilio wa zamu zao, tarehe ya kila zamu, na nafasi ya kuweka alama pale fedha inapofika mkononi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu. Usikate karatasi yoyote bado. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje mara mbili, uitie mfukoni au kwenye mkoba, na kwa muda wa wiki moja uandike humo kila jambo ambalo ulilazimika kulikumbuka, ulilolisahau, au ulilomuuliza mtu mwingine. Mwisho wa wiki, soma. Mwenye duka ataona madeni na mizigo inayokuja kwa meli kutoka Goma. Mama mwenye watoto shuleni ataona tarehe za minervali, chanjo na sare. Mwanafunzi ataona kazi za darasani na zamu za kutumia kompyuta. Karatasi hiyo ndiyo ramani ya ajenda yako.

DadaNguba

Asante sana, yaya, mkubwa wangu. Mimi nina maswali mawili. Karatasi ya kawaida ya fotokopi inafaa, au ni lazima kutafuta karatasi nzito? Na je, ni lazima ajenda ianze Januari? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka wangu unaanza Septemba.

MshonaKaratasi (Bukavu), mwanzisha uzi

Dada, nianze na swali la pili kwa sababu ni jepesi: ianze pale mwaka wako unapoanza. Mwalimu aanze Septemba, mkulima aanze na mvua, na mwenye duka aanze siku anayofunga hesabu zake. Hiyo ndiyo faida kuu ya kushona mwenyewe.

Kuhusu karatasi, ile ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa ajenda. Hesabu yake ni rahisi: gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba, na karatasi 16 za A4 hukamilisha mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ina gramu 5. A4 ina milimita 210 kwa 297, na ukiikunja katikati unapata A5, milimita 148 kwa 210, ukubwa unaoenea vizuri mkononi na kwenye mkoba. Kila karatasi moja iliyokunjwa hukupa kurasa nne.

Mimi sishoni mwaka mzima katika kitabu kimoja. Nashona vijitabu vinne vyembamba, kila kimoja cha miezi mitatu. Miezi mitatu ina wiki 13. Ukiipa kila wiki kurasa mbili zinazotazamana, unatumia kurasa 26. Ongeza kurasa mbili kwa kila mwezi, jumla sita, kisha kurasa nane za fedha, likelemba na maelezo mengineyo. Zote ni kurasa 40, yaani karatasi 10, na kijitabu kizima kina gramu 50 tu. Kwa mwaka unatumia karatasi 40, kwa hiyo rimu moja ya karatasi 500 inatosha watu 12, na bado zinabaki 20 za kujaribia. Kikundi cha akina mama au darasa la wanafunzi wanaweza kuchangia rimu moja na kila mtu akaondoka na mwaka wake mzima.

Sababu nyingine ya kupenda vijitabu vyembamba ni kwamba mtu hubadilika. Ukigundua Machi kwamba ukurasa wa wiki ni finyu mno, kijitabu cha Aprili utakipanga upya. Mwenye kitabu kimoja kinene hana njia ila kuvumilia mpangilio wake hadi Desemba.

Jambo moja la kuchunga ni uelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi ndogo ndogo ambazo kiwandani hulala upande mmoja, na mkunjo unaofuata nyuzi hulala vizuri, ilhali unaozikata huacha ukingo wenye mikwaruzo na kitabu hukataa kufunga. Ili kujua, pindisha karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, na upande unaopinda bila ubishi ndio ulio sambamba na nyuzi. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata upande wa milimita 297, kwa hiyo ukizikunja kuwa A5 unazikata nyuzi. Kwa kijitabu cha karatasi 10 hilo linavumilika, mradi usugue mkunjo kwa mgongo wa kijiko hadi ulale. Lakini ukipata karatasi kubwa za A3, uzijaribu kwanza kisha uzikate wewe mwenyewe, ili nyuzi zisimame kuelekea juu ya kitabu.

MwanafunziWaGoma

Habari zenu wakubwa. Naomba mtueleze kushona kwenyewe, na mtueleze kwa kina, kwa sababu nimetazama video nyingi na mkono wa fundi huenda kasi kuliko macho yangu. Pia, je, ni bora kuchora kurasa kabla au baada ya kushona?

MshonaKaratasi (Bukavu), mwanzisha uzi

Mdogo wangu, kunja kwanza, toboa, shona, halafu ndipo uchore. Ukichora kabla, ukurasa wa 1 uko kwenye karatasi moja na ukurasa wa 40, na hesabu hiyo huwachanganya hata wenye uzoefu. Ukishashona, unafungua na kuchora mfululizo kama kitabu chochote.

Panga karatasi zako 10 moja juu ya nyingine, zigonge mezani hadi kingo zilingane, kisha uzikunje zote pamoja na usugue mkunjo kwa kijiko. Juu yake weka karatasi nzito moja iwe ganda la kijitabu. Ganda la kalenda ya mwaka uliopita linafaa sana. Fungua kijitabu katikati, na kwa penseli weka alama tano ndani ya mkunjo, ukipima kutoka juu: milimita 25, 65, 105, 145 na 185. Umbali kati ya alama na alama ni milimita 40, na juu na chini zinabaki milimita 25. Toboa kwa sindano ya fundi viatu au kwa msumari mwembamba, kijitabu kikiwa kimefunguliwa nusu, ncha ikipita katikati ya mkunjo hasa, kwa sababu tundu likienda pembeni hata milimita moja, ganda litakuja kuonekana limepinda.

Uzi wa fundi cherehani wa kawaida ni mwembamba na hukata karatasi. Uchukue mara mbili, au ununue ule wa fundi viatu, kisha uupitishe juu ya nta ya nyuki, na kama huna nta, kipande cha mshumaa kitafanya kazi. Nta huuzuia uzi usijisokote na huushikilia ndani ya tundu. Sentimita 60 zinatosha.

Sasa tuyape matundu namba, la 1 likiwa juu na la 5 chini. Anza ndani ya kijitabu, utoke nje kwa tundu la 3, ukiacha mkia wa sentimita 8 ndani. Ingia kwa la 2, utoke kwa la 1, uingie tena kwa la 2. Hapo uko ndani. Ruka tundu la 3 bila kuligusa, utoke kwa la 4, uingie kwa la 5, utoke tena kwa la 4, na hatimaye uingie kwa la 3 pale ulipoanzia. Mikia miwili sasa iko ndani, na kati yake unapita ule uzi mrefu unaotoka tundu la 2 hadi la 4. Hakikisha mkia mmoja uko kushoto na mwingine kulia mwa uzi huo. Vuta mikia yote miwili kwa kufuata urefu wa mkunjo, si kuelekea juu, maana ukivuta kuelekea juu utachana karatasi. Funga fundo, kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, ukiufungia ndani ule uzi mrefu. Kata mikia ibaki sentimita moja.

Baada ya kushona, utaona kurasa za katikati zimejitokeza mbele kuliko za nje. Ni kawaida, kwa sababu kila karatasi inaizunguka iliyo ndani yake. Weka rula ya chuma ukingoni, uikandamize sana, ukate kwa wembe mpya kwa mipito mingi myepesi. Asiyetaka kukata aache hivyo hivyo, kwani kitabu hakipungukiwi kitu.

FundiJalada (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lubumbashi. Nimesoma kwa furaha, lakini ninaomba kutofautiana kwa heshima. Kijitabu kilichoshonwa kwa mkunjo mmoja ni daftari, hakijawa kitabu. Kwa ajenda ninakubali, maana ajenda ikiisha imeisha. Lakini shajara, kitu ambacho mtu anataka watoto wake wakikute, inastahili mikunjo mingi iliyounganishwa na jalada gumu. Mimi huchukua mikunjo minane ya karatasi tano tano, ambayo hutoa kurasa 160, na kuiunganisha kwa mshono wa mnyororo ule wa Wakopti wa Misri. Mshono huo hauhitaji gundi mgongoni, na kitabu hulala wazi kabisa mezani, jambo ambalo mtu anayechora analihitaji kuliko yote.

Kwa jalada, tumieni kartoni ngumu ya milimita 2, si ile ya maboksi yenye mawimbi ndani, kwa sababu hiyo hubonyea. Kata vipande viwili vinavyozidi kurasa kwa milimita 3 juu, chini na mbele. Kitenge kabla ya kubandikwa kinahitaji kuvalishwa karatasi nyembamba upande wa nyuma na kukauka, la sivyo gundi hupenya na kutokea usoni mwa kitambaa kama madoa ya mafuta. Acha kitambaa kizidi kartoni kwa milimita 20 kila upande. Kwenye pembe, kata kitambaa kwa mshazari, lakini usikaribie kona kabisa: acha nafasi kama mara moja na nusu ya unene wa kartoni, yaani milimita 3, ili kitambaa kifunike kona bila kuacha kartoni wazi.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni jalada linalopinda kama kigae. Kitambaa kilicholowa gundi hunyauka kinapokauka na kuivuta kartoni upande wake. Dawa yake ni kubandika karatasi upande wa ndani pia, ili mvuto wa pande mbili ulingane, kisha kuweka kitabu chini ya uzito usiku kucha, kikiwa katikati ya mbao mbili. Huku kwetu, wakati wa kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, hewa ni kavu na jalada hukauka upesi mno juu na kubaki bichi ndani, kwa hiyo msiwe na haraka ya kuondoa uzito.

DadaNguba

Yaya Fundi, gundi gani? Ile nyeupe ya dukani ni ghali kwa darasa la watoto arobaini.

FundiJalada (Lubumbashi)

Mgongo wa kitabu, ukitaka kuupaka gundi, ni ile nyeupe tu, kwa sababu inanyumbulika ikikauka. Mahali pengine pote wanga wa muhogo unatosha, tena una faida ya kukauka polepole, kwa hiyo unaweza kuvuta kitambaa na kukinyoosha kabla hakijashika. Kwaruza muhogo mbichi, uuoshe katika maji, uchuje kwa kitambaa, uyaache maji yatulie; wanga mweupe utazama chini. Chukua kipimo kimoja cha wanga na vipimo vitano vya maji, ukoroge vikiwa baridi hadi mabuje yaishe, kisha uweke juu ya makala yenye moto mdogo na ukoroge bila kusimama hadi weupe ugeuke kuwa kitu kinachong'aa na kupitisha mwanga. Ipoe ndipo uitumie. Unga wa bugali wenyewe pia hufaa ukiuchekecha kwa kitambaa chepesi, ila una nyuzinyuzi zinazoonekana chini ya karatasi nyembamba. Pikeni kiasi cha siku moja au mbili, kwa kuwa huchacha, na vitabu vyake visiwekwe mahali pa unyevu, maana wadudu wanaupenda wanga kama tunavyoupenda sisi.

MshonaKaratasi (Bukavu), mwanzisha uzi

Ninamshukuru Fundi kwa maelezo ya gundi, ambayo ni bora kuliko yale niliyokuwa nimeyaandaa. Kuhusu mkunjo mmoja, hata hivyo, ninasimama pale pale. Vitabu 13 vya kale vilivyopatikana Nag Hammadi nchini Misri mwaka 1945, vya karne ya 4, vingi vyake ni mkunjo mmoja mnene ndani ya jalada la ngozi, na vimehifadhika hadi leo. Vilivyodumu namna hiyo ni vitabu kamili.

Ila kuna njia ya kati, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wa hapa Bukavu, ambako mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei na jalada gumu huwa na kazi kubwa ya kubaki limenyooka. Ni jalada laini lenye mipira, mfano uliotangazwa na kampuni ya Midori ya Japani mwaka 2006. Unakata kipande cha ngozi, au kitenge kilichokunjwa mara mbili na kushonwa pamoja na kitambaa kigumu ndani, kiwe na urefu wa milimita 220 na upana wa milimita 320 kikiwa wazi. Katikati, kwenye mgongo, toboa matundu juu na chini, upitishe mpira mwembamba ule wa fundi cherehani, uwe na nyuzi tatu zinazoteremka kwa ndani. Kila uzi wa mpira unapita katikati ya kijitabu kimoja na kukishika. Cha kwanza ni ajenda ya miezi mitatu, cha pili ni fedha, na cha tatu ni shajara, ambayo unaweza kuishona kwa karatasi nzito zaidi, gramu 120 au 160, kwa sababu rangi za maji na kalamu za wino mwingi hupenya kwenye gramu 80. Kijitabu kikijaa, unakitoa, unaandika tarehe mgongoni, na kingine kinaingia. Jalada linabaki miaka, na linazidi kupendeza kadiri linavyoshikwa.

Kwa hiyo yule anayependa kitenge apate nafasi yake hapa, akichague kwa moyo wote. Ninamwomba tu akumbuke kukiosha na kukipiga pasi kabla ya kukata, kwa kuwa vitenge vipya hunywea na vingine hutoa rangi.

MwanafunziWaGoma

Nimeelewa sasa. Lakini ndani ya wiki, mnaandikaje ili kusiwe na fujo? Mimi nina orodha za mambo ya kufanya zisizokwisha, na kila siku nakopi upya.

MshonaKaratasi (Bukavu), mwanzisha uzi

Hapo tumshukuru Ryder Carroll, mbunifu wa Brooklyn huko Marekani, ambaye tangu utotoni alipata shida ya kutuliza mawazo mahali pamoja, akajitungia utaratibu wa alama ambao aliutangaza mwaka 2013. Kazi inaandikwa kwa nukta. Ikishafanyika nukta inageuzwa kuwa msalaba. Ikihamishiwa mwezi au wiki nyingine inawekewa mshale. Tukio, kwa mfano mkutano au mazishi, linapewa duara dogo, na maelezo tu yanapewa kistari. Kiini cha utaratibu huo ni ule mshale. Mwisho wa mwezi unapitia nukta zilizobaki, na kila moja unajiuliza kama inastahili kuandikwa tena kwa mkono. Kazi isiyostahili hata kuandikwa tena, ifute. Kwa hiyo, mdogo wangu, kunakili si adhabu, mradi unakili mara moja kwa wiki au kwa mwezi huku ukichagua, si kila siku na kila kitu.

Ili mistari yako inyooke bila kuchora mistari, tengeneza karatasi moja ya nukta nyeusi zenye umbali wa milimita 5, uiweke chini ya ukurasa unaoandika. Itaonekana kupitia karatasi ya gramu 80. Katika A5 unapata miraba 29 kwa upana na 42 kwa urefu. Wiki yangu inakaa hivi: ukurasa wa kushoto una siku tatu, wa kulia una siku tatu, Jumapili ina ukanda mwembamba chini, na pembeni pana ukanda wa miraba sita kwa ajili ya mambo yasiyo na siku. Saa siziandiki kwa mpangilio wa ajenda za nje unaoanza na 08:00. Naandika saa 1 hadi saa 12, asubuhi hadi jioni, kama tunavyosemezana, na mambo ya ofisi yanayokuja na saa za Kifaransa nayageuza wakati ule ule ninapoyaandika.

MwalimuWaKadutu

Ndugu, mmesema mengi kuhusu kupanga na kushona, lakini shajara mmeipita haraka. Naomba niongeze kwa sababu ninaifanya na wanafunzi wangu wa sekondari, na nimeona jinsi inavyowafaa.

Mwaka 1986, mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambapo wanafunzi wa chuo walitakiwa kuandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Waliotakiwa kuandika juu ya jambo zito lililowapata, wakieleza tukio pamoja na hisia zao, walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Ninawaeleza vijana mambo yote mawili, hasa lile la kwanza, ili asiyejisikia vizuri baada ya kuandika asidhani kwamba amekosea. Na yule ambaye jambo lake ni zito kupita kiasi asilazimishwe kulifungua peke yake mbele ya karatasi; huyo anahitaji mtu wa kukaa naye.

Kwa wengine, ubunifu uanze na vitu vya kushikika. Nawaambia wabandike kipande cha kitenge cha shangazi, tiketi ya meli, jani kutoka bustanini lililokaushwa ndani ya kitabu kizito, halafu waandike pembeni sentensi tano zinazoeleza kitu hicho kilitoka wapi na kilipita mikononi mwa nani. Kijana anayesema hana la kuandika, mpe kipande cha kitambaa, atajaza ukurasa. Methali za nyanya zao pia, kwa Kishi, Kihavu, Kilega au Kifuliiru, pamoja na maelezo ya siku zilipotumika, maana methali isiyo na kisa chake ni nusu tu.

Tahadhari ya kiufundi: kila kitu unachobandika kinaongeza unene, na mgongo wa kitabu haukui. Katika kijitabu cha shajara, ng'oa au kata ukurasa mmoja kila baada ya kurasa tatu au nne, ukiacha ukanda wa sentimita moja karibu na mshono. Kanda hizo hujaza mgongo, na kitabu kikijaa picha na vitambaa bado kitafunga.

DadaNguba

Mwalimu, na siri je? Nyumbani kwetu tuko wengi, na kitabu kikilala mezani kila mtu anakisoma.

MwalimuWaKadutu

Dada, hapo vijitabu vya yaya Mshona vinatusaidia. Kile cha shajara kitolewe kwenye mpira na kiwekwe mahali pake, ajenda na fedha zibaki mezani. Wanafunzi wangu wengine hukunja ukurasa kuelekea ndani na kuubandika kingo zake kwa wanga wa muhogo ukawa bahasha. Unafunguka kwa ncha ya kisu bila kuchanika sana, na aliyeufungua hawezi kukana.

MshonaKaratasi (Bukavu), mwanzisha uzi

Ushauri wa Mwalimu wa kukata kurasa nimeupokea, nitautumia katika kijitabu kijacho. Dada, kwa watoto wako arobaini, anza na karatasi tano tano tu badala ya kumi, matundu matatu badala ya matano, kwa milimita 35, 105 na 175. Uanze ndani kwa tundu la katikati ukitoka nje, uingie kwa la juu, uruke la katikati, utoke kwa la chini, uingie tena katikati, ufunge fundo juu ya uzi mrefu. Watatumia karatasi 200, chini ya nusu rimu. Matundu uyatoboe wewe nyumbani siku moja kabla, kwa kutumia kartoni iliyopimwa kama kipimo cha matundu, ili watoto washike sindano butu peke yake, na darasani ubaki na kazi ya kufundisha fundo.